Baiskeli ya mlimani ya kuunga Dodoma: habu, ringi na gia zikikutana na mbigiri na vumbi

Mchanganyiko unaopitiwa hapa ni huu: habu (vitovu vya magurudumu) za Shimano Deore M6000 zenye matundu 32, ringi za WTB ST i25 za inchi 29, spoku za Sapim Leader za milimita 2.0, tairi za Vittoria Mezcal 29 x 2.25, gia za microSHIFT Advent X na breki za Shimano MT200. Fremu ni ya aluminiamu isiyo na shokapu ya nyuma, yenye nafasi ya mm 135 kwa ekseli ya nyuma. Fremu za namna hiyo bado zinapatikana kwenye mitumba. Swali ni moja tu: baiskeli hii ikizunguka Ntyuka, Hombolo, Mvumi na vijia vya nyuma ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kitakachoharibika ni nini, na kikiharibika kinatengenezeka hapahapa mjini au kinasubiri kifurushi cha basi kutoka Dar es Salaam, kilomita 450 hivi?

Wengi wanaounga baiskeli huanza na fremu, kisha gia, halafu pesa inayobaki ndiyo inanunua magurudumu. Kwa Dodoma huo ni mpangilio wa kichwa chini miguu juu. Gia mbovu inakuchelewesha. Gurudumu bovu linakurudisha nyumbani kwa miguu ukiwa umebeba baiskeli begani, jua la saa saba likiwa utosini.

Saizi ya gurudumu

Kabla ya jina la kampuni lolote, soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Inchi 26 ni 559, inchi 27.5 ni 584, inchi 29 ni 622, na yale ya baiskeli kubwa za mizigo ni 635. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye ringi, na hazina mjadala. Majina ya inchi ndiyo yanayoleta ugomvi dukani. Tairi lililoandikwa 28 x 1.50 ni la 622, lililoandikwa 28 x 1 1/2 ni la 635. Muuzaji atakwambia "zote ishirini na nane, bosi, chukua tu," nawe utafika nyumbani ukivuta tairi linalocheza juu ya ringi kama kofia ya kuazima.

Inchi 26 ndiyo saizi ambayo tairi na tyubu zake hukosi kwa fundi yeyote Majengo. Kama baiskeli ni ya kazi, na hutaki kuagiza chochote, ishia hapo, hakuna aibu. Inchi 29 tumeiweka mbele kwa sababu mbili. Gurudumu kubwa halizami haraka kwenye mchanga wa makorongo, ule wa mito inayokauka kuanzia Mei. Pili, 622 ni kipenyo kilekile cha baiskeli za mjini za mitumba, zile za 700C. Tairi la 29 likichanika ubavuni, unaweza kufunga la 700 x 42 au 45 na ukaendelea na maisha wiki mbili tatu mpaka la kwako lifike.

Hapo ndipo upana wa ringi unapoingia. Ringi za sasa zinakimbilia upana wa ndani wa mm 30 na zaidi. Ni nzuri kwa tairi la 2.4, lakini ukizivalisha tairi jembamba la dharura linakaa bapa, ubavu unatoka nje na kukutana na miiba kabla ya kashata, yale meno ya mpira ya tairi. ST i25 ina mm 25 ndani. Inabeba 2.25 vizuri, inakubali 2.4, na haikatai la 700 x 45. Tukiulizwa kama ST i29, yenye mm 29 ndani, si bora zaidi, jibu letu ni kwamba kwenye duka lenye rafu kamili ni bora. Hapa tunachagua ringi inayovumilia rafu tupu.

Inchi 27.5 inakosa faida zote mbili. Kitu pekee cha kuitetea ni kwamba tyubu ya 26 inavutika ikaingia humo siku ya shida.

Habu

Hapa ndipo pesa iende. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina friwili, yaani fungu la meno ya gia za nyuma, ya kufunga kwa nyuzi. Kasoro yake ni ya kimaumbile: gololi za upande wa kulia zinakaa ndani kabisa, nyuma ya friwili, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki hakina cha kukishika. Ukishuka kwenye jiwe na kilo 80 juu yake, ekseli inapinda, kisha inakatika, karibu kila mara upande huohuo wa kulia. Habu ya kaseti, ambayo meno ya gia huchomekwa juu ya bodi yake, inasogeza gololi za kulia hadi ukingoni mwa bodi inayobeba kaseti, karibu na fremu. Ukiwa na pesa ya badiliko moja tu kwenye baiskeli nzima, badilisha hilo.

Deore M6000 ni habu ya koni (vipande vya chuma vinavyobana gololi) na gololi za kawaida, si beringi za kubana. Watu wa mitandaoni huziona za kizamani. Kwa mtu wa Dodoma huo ndio uzuri wake. Nyuma zinaingia gololi 9 za robo inchi kila upande, mbele 10 za inchi 3/16 kila upande. Gololi hizo ni za saizi ya kawaida kwenye baiskeli, na unahitaji spana nyembamba za 13 na 15, spana ya 17 na kopo la grisi. Beringi ya kubana ikifa, unatafuta namba yake halisi, unatafuta na kifaa cha kuitoa bila kupasua habu.

Ila koni zina masharti yake. Gololi zibadilishwe zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu, maana mpya ni kubwa kidogo na zitabeba mzigo wote peke yake. Koni ikiwa na vishimo, nunua nyingine. Bakuli la ndani ya habu likiwa na vishimo, habu imekwisha, kwa sababu halitoki. Kwa hiyo usisubiri kusikia mkwaruzo ndipo ufungue. Fungua mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa mvua, Aprili au Mei, kabla matope yaliyoingia hayajageuka msasa, na tena Novemba, kabla mvua hazijaanza. Kosa linaloua habu nyingi ni kukaza koni mpaka mchezo wote wa ekseli uishe gurudumu likiwa mkononi. Ekseli ya kufunga kwa kishikio ikibanwa kwenye fremu inajibana kidogo, na koni zinakaza zaidi. Acha mchezo mdogo sana, wa kuhisi kwa vidole tu, halafu funga gurudumu kwenye baiskeli ulisukume ringi kushoto na kulia. Mchezo ukiwa umepotea hapo, umepatia.

Shimano TX505 ni ndugu yake wa bei ya chini, yenye vipimo vilevile vya 100 mbele na 135 nyuma. Inafaa, ila usiiache mwaka mzima bila kuifungua. Kwenye vumbi la Bahi kila miezi minne ni sawa. Zote mbili hufunga diski kwa nati moja kubwa ya katikati badala ya skrubu sita, na kifaa cha kufungua kaseti ndicho kinachofungua nati hiyo pia. Kifaa kimoja, kazi mbili. Ukiwa tayari na diski za skrubu sita, tafuta habu ya Shimano M525A, usinunue adapta.

Fremu mpya zina nafasi ya 142 au 148 na ekseli nene ya mm 12. Ni imara zaidi, hilo hatubishi. Lakini pima fremu yako kwa rula kabla ya kuagiza habu. Habu ya 148 haiingii kwenye fremu ya 135 hata ukiipanua kwa jeki, na fremu ya aluminiamu ukiipanua hivyo umeiua.

Magurudumu yaliyokwisha kusukwa kutoka kiwandani, yale ya bei ya kutupwa, yana tatizo moja ambalo halionekani dukani: spoku zimelegea. Zinazunguka vizuri mbele ya macho yako, na baada ya kilomita 100 za barabara ya bati, ile yenye mikunjo-mikunjo, ringi inaanza kuyumba, kisha spoku za nyuma upande wa kaseti zinakatika moja moja pale kwenye kona ya shingo. Hazikatiki kwa kuvutwa sana, zinakatika kwa kulegea na kukaza, kulegea na kukaza, kila gurudumu linapozunguka. Kama umeshayanunua, yapeleke kwa fundi yakazwe kabla hayajaguswa na barabara. Magurudumu ya mtumba yana uchunguzi wake: tazama nyufa ndogo kuzunguka matundu ya spoku, zungusha ekseli kwa vidole viwili usikilize, na kama ringi ilikuwa ya breki za mpira, pitisha ukucha ubavuni. Ukuta uliobonyea kama sahani umelika, achana nayo.

Kusuka

Matundu 32 yanatosha kwa mpanda baiskeli wa hadi kilo 90 asiye na mzigo. Ukifunga keria na kubeba maji ya siku nzima, chukua 36, hasa nyuma. Spoku za mm 2.0 zisizopunguzwa kiunoni ni nzito kidogo kuliko zile za 2.0/1.8, na kwa kusuka mkono ambao haujazoea ni rahisi zaidi, kwa sababu hazijisokoti sana wakati wa kukaza. Vinati viwe vya shaba. Vya aluminiamu huokoa gramu chache na hupasuka kichwa siku unayotaka kunyoosha ringi.

Urefu wa spoku ndio unaovuruga watu. Usinunue kabla habu na ringi haziko mezani. Kipimo cha ringi si kipenyo cha tairi. Ni kipenyo cha pale vichwa vya vinati vinapokaa. Chukua spoku mbili za zamani, zikate ziwe na urefu unaoujua, mathalani mm 250 kila moja, zivalishe vinati, ziingize kwenye matundu yanayotazamana, zivute, kisha pima pengo la katikati na ujumlishe. Pima sehemu tatu tofauti. Kwa mfano, ringi yenye mm 602, habu yenye duara la matundu la mm 45 na ukingo ulio mm 25 kutoka katikati, kila spoku ikipishana na nyingine tatu, inataka spoku za mm 293 ikiwa matundu ni 32. Matundu yakiwa 36 inataka 290. Tofauti ya mm 3 inaonekana ndogo, lakini spoku iliyozidi hivyo inatokeza juu ya kinati na kutoboa tyubu kutoka ndani, na utamlaumu mwiba. Spoku za baiskeli za mizigo zinazouzwa kila kona ni za ringi ya 635. Fundi akikwambia atazikata, muulize kama ana mashine ya kuviringisha nyuzi. Kukata kwa koleo na kutegemea nyuzi zilizobaki si ufundi.

Utaratibu wa kukaza: weka tone la mafuta kwenye kila kinati, kisha kaza vyote mpaka nyuzi za spoku zipotee ndani, vyote sawa. Kuanzia hapo nenda kwa nusu mzunguko, baadaye robo. Rekebisha kwanza mviringo wa juu na chini, ndipo kuyumba kwa pembeni. Ukianza na pembeni utarudia kazi. Ringi iliyonyooka isiyumbe zaidi ya nusu milimita. Upande wa kaseti lengo ni mvuto wa kilo 100 hadi 120 kwa kipimo cha mvuto, na upande wa pili utakuwa chini yake, hilo ni la kawaida kwa sababu pembe zake ni tofauti. Usizisawazishe pande hizo. Huna kipimo? Gonga spoku za upande mmoja kama nyuzi za zeze: sauti zikaribiane. Sauti nzito moja katikati ya nyembamba ni spoku iliyolegea.

Kisha shika spoku mbili mbili zinazoenda sambamba, uzibane kwa nguvu za viganja, kuzunguka gurudumu zima, pande zote mbili. Utasikia vilio vidogo: ni spoku zinajikalisha na kuacha msokoto. Nyoosha tena. Hatua hii mafundi wengi wanairuka kwa haraka za mteja, na ndiyo inayotenganisha gurudumu la miaka mitano na la miezi mitano. Baada ya kilomita 50 hadi 100, pitia mara moja zaidi.

Tairi, miiba na maji ya kuziba

Dodoma ina miiba ya aina mbili inayotaka majibu mawili. Mbigiri ni vijipunje vya chini vyenye ncha kadhaa. Ukipita kwenye uwanja mmoja tu wakati wa kiangazi unaondoka na matundu kumi. Mwiba wa mgunga ni mrefu, mweupe, na unapenda ubavu wa tairi. Kashata nene zinasaidia kidogo tu dhidi ya mbigiri, kwa sababu mbigiri inaingia katikati ya kashata na kashata.

Mezcal tumeipenda kwa kashata zake fupi zilizosogeleana; nafasi tupu ni ndogo, na kwenye udongo mgumu wa Veyula na Makutupora inakimbia bila kelele. Kwenye udongo mweusi wa mbuga msimu wa mvua inajaa tope na kuwa andazi. Tairi lolote litajaa, kwa kweli, ila hili linajaa mapema. Muhimu ni nafasi: kati ya tairi na fremu kuwe na angalau mm 8 kila upande, vinginevyo tope linageuka breki ya tatu.

Kwa mbigiri, tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu lenye maji ya kuziba matundu ndani, haina mpinzani. Tairi la 29 x 2.25 linataka ml 100 hadi 120 za maji ya kuziba. Maelekezo ya chupa husema miezi mitatu hadi sita. Kwa joto na ukavu wa hapa hesabu miwili hadi mitatu, na Oktoba usihesabu kabisa, tikisa gurudumu usikilize. Kukiwa kimya, yamekauka. Hewa psi 22 mbele na 25 nyuma kwa mtu wa kilo 70. Ongeza moja moja kwa kila kilo tano. Mwiba wa mgunga ulioingia ubavuni usiuchomoe porini kama hewa haivuji. Uache, fika nyumbani, ndipo uhangaike nao ukiwa na plagi mkononi.

Asiyetaka tyublesi afanye hivi: atumie tyubu yenye valvu ya gari, atoe moyo wa valvu kwa kifunguo ambacho kila fundi wa tairi za pikipiki anacho, amimine ml 80 za maji ya kuziba, aurudishe. Na aweke psi 35 hadi 40, si chini, asije akapata yale matundu mawili pacha ya tyubu kubanwa kati ya jiwe na ringi. Kabla ya kubandika kiraka, zamisha tyubu yote kwenye beseni. Mbigiri haitoboi mara moja.

Suala la valvu linastahili aya yake. Ringi za WTB zina tundu la mm 6.5, la valvu nyembamba. Pampu na kompresa za vijiweni Dodoma ni za valvu ya gari, ya mm 8.5. Ukienda tyublesi, acha tundu lilivyo na ubebe adapta mbili za shaba, moja itapotea. Ukienda na tyubu, panua tundu kwa keekee ya mm 8.5 na usugue kingo mpaka zisikwaruze kidole. Ukishapanua hurudi nyuma bila bushi ya mpira, basi amua kwanza. Na kwa kompresa, simama wewe mwenyewe karibu na kipimo. Kijana aliyezoea kujaza tairi za Fuso anahesabu psi 40 kama tairi tupu.

Gia

Advent X ina gia kumi na kaseti ya meno 11 hadi 48, na inakaa kwenye bodi ya kawaida ya Shimano, ileile ya gia nane, tisa na kumi. Hiyo ndiyo sababu kuu ya kuichagua. Gia kumi na mbili za Deore M6100 zina meno 10 hadi 51, zinahama kwa ulaini usio na kifani, na zinahitaji bodi ya aina nyingine, iitwayo Micro Spline. Siku kaseti hiyo ikilika, hutafanya kitu mpaka kifurushi kifike. Siku ya Advent X ikilika, unaweza kufunga hata kaseti ya gia nane ya 11-34 pamoja na shifta yake (ya kubadilishia gia mkononi) na kihamisha (kinachosogeza cheni) cha mtumba, ukapanda.

Na sahani ya mbele ya meno 32, gia nyepesi kabisa inakusogeza mita 1.5 kwa mzunguko mmoja wa kranki, nzito kabisa mita 6.6. Kwa mizunguko 60 kwa dakika unapanda kwa kilomita 5.5 kwa saa, polepole ya kutosha kwa vilima vya Ntyuka. Ukienda Mpwapwa mara kwa mara, weka 30. Klachi ya kihamisha inashika cheni isirukeruke kwenye barabara ya bati, na ina swichi ya kuizima unapotoa gurudumu. Watu husahau kuiwasha tena, kisha hulalamika kwamba cheni inaruka.

Mpinzani wake wa kweli ni Deore M4100 ya gia kumi, 11-46. Ina kuruka kukubwa mwishoni, kutoka meno 37 hadi 46, na miguu inahisi hivyo. Pia angalia kihamisha: M4120 hakina klachi, M5120 kinayo. Lipia klachi. Usichanganye shifta ya kampuni moja na kihamisha cha nyingine; uvutaji wa waya ni tofauti, na hakuna kurekebisha kutakakokubali gia zote kumi.

Kitu kidogo kinachoharibu gia kuliko vyote ni sikio la fremu, kile kipande cha aluminiamu kinachoshika kihamisha. Kimetengenezwa kipinde ili fremu ipone. Baiskeli ikisafirishwa kwenye keria ya Coaster ikilalia upande wa kulia, tayari limepinda, na fundi atahangaika na waya saa nzima kwa kosa ambalo si la waya. Masikio hayafanani kati ya fremu na fremu. Nunua la akiba siku unayonunua fremu.

Cheni: oili chafu ya injini ndiyo dawa ya kienyeji, na ndiyo sumu. Mchanga unashika humo, na cheni inakuwa tupa inayosugua kaseti. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, tia tone moja la mafuta ya cheni au nta kwenye kila kiungo, subiri, kisha futa nje mpaka kitambaa kisichafuke. Kiangazi rudia kila kilomita 100 hadi 150. Nunua kipimo cha urefu wa cheni, kikisoma 0.75, badilisha cheni, kaseti itapona. Ukingoja mpaka iruke meno, umenunua vyote viwili.

Breki na mengineyo

MT200 ni breki ya mafuta ya bei ya chini na inafanya kazi kuliko bei yake. Kishikio ni kirefu na hakina urembo. Pedi zake ni za resini. Kwenye tope la mchanga zinakwisha haraka, kwa hiyo weka jozi mbili za akiba. Diski za mm 180 mbele na 160 nyuma zinatosha. Kama diski imechapwa kwamba ni ya pedi za resini tu, usiipe pedi za chuma, zitaila.

Onyo ambalo tungeliandika kwa wino mwekundu: Shimano hutumia mafuta ya madini. Duka la vipuri vya magari litakuuzia mafuta ya breki za gari, DOT 3 au DOT 4, kwa nia njema kabisa, na kesho yake mipira ya ndani imevimba, breki imeshikana, na kipuri kimekufa. Agiza chupa ya ml 100 pamoja na breki zenyewe. Anayesafiri mbali, Kondoa au upande wa Mtera, ana haki ya kuchagua breki za diski za waya kama Avid BB7. Zinavuta kwa nguvu kidogo chini, lakini waya unabadilishwa kando ya njia.

Foki ya springi ya sentimita kumi inatosha, na foki isiyo na springi kabisa ni chaguo la busara kuliko ya springi ya bei ya chini ambayo mihuri yake itakunywa vumbi msimu wa kwanza. Kranki ifungwe kwenye fremu yenye nyuzi. Beringi za kugongelea zinalia zikipata vumbi. Kumbuka bakuli la kulia la beringi za kranki, upande wa cheni, hukazwa kinyume cha saa, na pedali ya kushoto vivyo hivyo. Fremu nyingi za mtumba zimeharibiwa hapo na fundi mwenye nguvu kuliko subira. Hendeli, kiti na vishikio ni vya mwili wako, nunua unachokaa vizuri.

Kifurushi cha kuagiza mara moja, ili basi lisirudi mara tatu: spoku sita za akiba kwa kila urefu pamoja na vinati vyake, sikio la fremu, jozi mbili za pedi, viungo viwili vya kufunga cheni ya gia kumi, mioyo minne ya valvu, utepe wa ringi wa upana wa mm 27 hadi 30, na kipimo cha hewa kinachosoma chini ya psi 60. Hicho cha mwisho wengi hukiacha, kisha hujaza kwa kidole gumba.